Makofi ya Neno Refu

Mama Gaudensia alinipigia makofi karibu kabisa na pua, na korido nzima ya kituo cha afya ikageuka kututazama.

"Tena, binti. Kofi jepesi kwenye silabi, kofi zito kwenye kiungo. Ne-u-ro, paa! Ki-ro, paa! M-ne-mo, paa! Li-si-si, paa! Kwenye kofi zito ndipo unapopumua. Usipumue pengine."

"Ne-u-ro," nikasema. "Ki-ro. M-ne..."

"Umepumua kwenye mne! Nimesema nini mimi?"

"Mwache apumue, mama," akasema mzee mmoja mwenye kofia ya sufi aliyekaa kwenye benchi. "Huyo kaishia darasa la saba. Kisikizi kikimsikia kitadhani anatangaza vitumbua."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Aibu ndivyo inavyonifanya siku zote, nawasaidia wanaonicheka. Masikio yalikuwa yanachoma, na baridi ya Ikovelo asubuhi ile ilikuwa ya kukata masikio hayo hayo.

Neno lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye utepe aliofungwa Baba mkononi, mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia hakuwa nao tena. NEUROKIROMNEMOLISISI. Herufi zilikuwa nyingi mpaka zimezunguka utepe mzima na kukutana mwisho na mwanzo, hata usingeambiwa usingejua linaanzia wapi. Kusoma najua. Silabi nazijua tangu darasa la kwanza, tulizipigia makofi vivi hivi tukiwa tumekaa chini. Ningeweza kulikata lile neno silabi moja moja kama mkaa wa kupimwa kwa kopo. Lakini kopo la mkaa halikuambii mti ulikuwa mti gani.

"Tena," akasema Mama Gaudensia.

Baba yangu, Mzee Osmund Mwalongo, alikuwa mpasua mbao. Msumeno wa kiwanda ulimchukua mkono kabla ya mvua kuanza. Kidonda kilipona upesi, kila mtu alisema. Kilichokataa kupona ni mkono ambao haukuwepo. Vidole alivyokwisha kuzikiwa pamoja na kipande cha shati vilimuungua kama vimewekwa kwenye jiko. Alikuwa anauma blanketi ili nisisikie, nami nilikuwa najifanya nimelala ili asijue nimesikia.

Daktari wa kwenye kioo, anayehudumia vituo vya milima yote hii bila kutoka alipo, alimtazama akasema kuna sindano ya utulivu. Akichomwa hatausikia tena ule mkono. Sindano ya utulivu! Nililipenda jina hilo. Lakini jina la kisheria ni lile la kwenye utepe, na bila kulipasua jina la kisheria hakuna sindano.

Sheria ya Kinywa ilitungwa kabla sijazaliwa. Wakati huo, wanasema, tiba za kubadili mwili zilikuja kwa wingi na watu wakawa wanaweka dole gumba kwenye kioo tu, basi. Wengine waliamka hawaoti ndoto. Wengine waliamka hawawezi kulia hata msibani. Walipouliza, walionyeshwa dole gumba lao. Ndipo ikaamriwa kwamba mwili wa mtu usiguswe mpaka kinywa kinachoruhusu kiwe kimelipasua jina la tiba kwenye viungo vyake. Kinywa cha mgonjwa mwenyewe, au cha ndugu wa karibu kama mgonjwa ni mtoto au yuko kwenye usingizi wa dawa.

Kazi ya kusikiliza wakapewa Kisikizi. Ni sikio la chuma ukutani, pana kama sinia, na juu yake taa. Watu waliokitengeneza waligundua jambo la kweli kabisa, kwamba mtu anayelijua neno hupumua mahali neno linapoungana, kama wachukuzi wa gogo wanavyojua pa kubadilishia bega. Asiyelijua hupumua popote. Basi Kisikizi hakisikilizi sauti yako, kinasikiliza pumzi.

Hawakujua kwamba Ikovelo ina kwaya.

Watu waliposhindwa mara nyingi, na kupita mara moja moja, Mama Gaudensia alikuwa amekaa kwenye benchi akisikiliza walipita vipi. Yeye ndiye aliyefundisha sauti nne kanisani kwetu. Pumzi ya mwenzako kwake ni kitu cha kushika na kumpa mtu mwingine. Akaanza na neno la mumewe, Mzee Gerold, aliyekuwa anaanguka kifafa. Alilipasua kwa makofi, taa ikawa kijani, na kifafa kikakoma siku hiyo hiyo. Tangu hapo yuko kwenye korido kila siku ya tiba, anafundisha bure, kikombe cha chai kinamtosha. Mzee Gerold ndiye aliyekuwa besi yetu. Siku hizi hukaa nyuma kanisani, mdomo umefungwa. Watu husema uzee.

"Sasa ndiyo!" akasema Mama Gaudensia. Sikuwa nimetambua kwamba nimelimaliza. "Umeona? Mwili umeshika. Nenda kabla haujaachia."

*

Mbele ya Kisikizi nilificha mikono ndani ya kitenge, nikawa nagonga paja kwa kidole.

"Taja uhusiano wako na mgonjwa," kikasema. Kina sauti ya mtu mpole ambaye hana haraka.

"Mwanawe. Twilumba."

"Twilumba, lipasue neno la baba yako."

Nikalipasua. Kila kofi zito la Mama Gaudensia lilinilia kichwani, nami nikapumua pale pale. Taa ikawa kijani, na utepe wa Baba kule chumbani nao ukawa kijani, nilijua, kwa sababu niliona wa mtoto wa mama mmoja kwenye benchi ulivyobadilika mama huyo alipopita kabla yangu.

"Umeelewa," kikasema Kisikizi. "Ruhusa yako imepokelewa."

Vigelegele vikapigwa. Mzee wa kofia ya sufi akanipa mkono. "Kumbe vitumbua vyako vina sukari!" Mama Gaudensia akanishika bega, akanisukuma kuelekea mlangoni.

Umeelewa. Nilitembea na neno hilo korido nzima. Lilikuwa kama kiatu cha mtu mwingine.

*

Nesi Imelda alikuwa ameshachanganya dawa. Ilikuwa kwenye kichupa, rangi ya maji ya majani ya chai yaliyopoa.

"Hongera, mdogo wangu. Wengine huja mara nne. Kaa hapo umshike bega asishtuke."

Baba alikuwa amelala chali kwa dawa ya usingizi aliyopewa maumivu yalipomzidi, ndevu hazijanyolewa. Blanketi lilikuwa limeteleza na kigutu cha mkono wa kulia kilikuwa nje. Akiwa macho asingeruhusu. Hata mimi nikileta uji hukifunika kwanza, ndipo hupokea bakuli.

Kigutu kilikuwa kinacheza.

Nayajua maumivu ya Baba. Yakija, taya hukaza na shingo inasimama mishipa. Lakini sasa taya lilikuwa limelegea, na kigutu kilikwenda mbele kidogo, kikarudi, kikaenda tena, polepole, kama mtu anayepapasa kitu asichotaka kukiamsha. Nilikwisha kuiona hali hiyo alfajiri nyingi nikiwasha moto. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni maumivu ya namna nyingine, maumivu madogo.

Nesi Imelda akavuta dawa kwenye sindano.

"Dada," nikasema, "hiyo dawa inafanya nini?"

Akanitazama. "Si umelipasua neno mwenyewe sasa hivi?"

"Nimelipasua."

"Basi."

"Sijui maana yake."

Akaiweka sindano kwenye sinia, akaenda kufunga mlango. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini. "Usiyaseme hayo kwa nguvu."

"Wewe unaijua?"

Alianza kukunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa tayari. "Mimi nilifundishwa kipimo, na mshipa, na namna ya kushika sindano. Maneno ni ya kwenu na Kisikizi. Nikiona kijani najua mmeelewa."

"Na daktari?"

"Daktari naye akiona kijani anajua mmeelewa." Akalikunjua lile taulo. "Mdogo wangu, mimi ni mtu mzima nina cheti ukutani. Unadhani napenda kukwambia hivi?"

Hatukutazamana. Nilimwonea aibu, naye akanionea, na Baba amelala katikati yetu na kigutu chake kinapapasa.

"Kisikizi kinaeleza," akasema mwishowe. "Ndivyo kilivyowekwa, ukisema hujui, kinakueleza. Lakini wewe umeshapita. Ukisema hujui baada ya kijani, kitataka kujua ulipitaje. Kitachukua pumzi yako kiilinganishe na za wote waliopita leo. Na wote mmepumua pumzi ya mtu mmoja."

"Watazimiwa taa."

"Watazimiwa. Na dawa ikishachanganywa haivuki jioni. Ya baba yako na yao wote. Ikiharibika, mchanganyo mwingine ni mwezi ujao."

Mwezi. Nikamwona Baba na blanketi kinywani mwezi mzima. Nikamwona yule mama mwenye mtoto.

Nikakaa. Kuna aibu ya kuonekana hujui, hiyo nimeizoea, ni kama nguo ya kazi. Ila chini yake kulikuwa na nyingine. Nilikuwa nimesema ndiyo juu ya kitu kilichomo ndani ya baba yangu, na nilikuwa nimekisema kwa wimbo.

"Usimchome kwanza," nikamwambia Nesi Imelda.

*

Korido ilikuwa imechangamka. Waliopita walikuwa wanakunywa chai, utepe wa kijani mikononi mwao. Nilipita katikati yao, nikasimama mbele ya sikio la chuma.

"Twilumba," kikasema, "ruhusa yako imekwisha pokelewa."

"Sijui," nikasema.

Ilitoka ndogo. Kisikizi kikaniomba nirudie.

"Nimesema sijui. Nililisema lile neno kwa makofi. Sijui maana yake hata kidogo."

Chai ikaacha kunyweka. Kisikizi kilinyamaza kwa muda, na nikajua kinafanya kile alichosema Nesi Imelda, maana nyuma yangu mtu akasema, "Hee!" na mwingine akasema, "Na wangu!" Niligeuka. Tepe zilikuwa zinakuwa njano, mmoja baada ya mwingine.

"Wewe mtoto, umefanya nini?" Mama Gaudensia alikuwa amesimama, mikono yake bado iko wazi kama ya mtu anayesubiri kupiga kofi.

"Nilitaka kujua tu, mama."

"Kujua! Ulikuwa umepita!"

"Darasa la saba lina kiherehere hilo!" akasema mzee wa kofia ya sufi, na safari hii hakuna aliyecheka. "Mke wangu yuko mle ndani tangu juzi. Kama unataka kusoma, si urudi shule?"

Yule mama mwenye mtoto alimvuta mwanawe karibu. Alinitazama tu, akaufunika utepe wa mtoto kwa kiganja chake. Afadhali angenitukana.

"Twilumba," kikasema Kisikizi, kwa upole ule ule, kana kwamba hakuna aliyepiga kelele. "Neno lako lina viungo vinne. Neuro ni mishipa ya fahamu. Kiro ni mkono. Mnemo ni kumbukumbu. Lisisi ni kuyeyusha."

Korido yote ilisikia. Niliviweka pamoja kichwani, na nilikuwa mzito, watu wote wananisubiri.

"Kuyeyusha kumbukumbu ya mkono," nikasema.

"Iliyo kwenye mishipa ya fahamu. Ndiyo. Maumivu ya baba yako ni mkono unaokumbukwa. Tiba huyayeyusha."

"Maumivu tu?"

"Haichagui. Huyeyusha kila ambacho mkono ulikijua."

Nikafikiria kigutu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Je, unaruhusu?" kikauliza.

"Mkono si wangu," nikasema.

"Basi mwenye mkono aamshwe."

*

Nesi Imelda alimwamsha kwa kupunguza matone. Maumivu yaliamka kabla yake. Niliona taya likikaza macho hayajafunguka, kisha akafungua macho, akaniona, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta blanketi afunike kigutu.

"Liache, Baba."

"Bado hawajanichoma?" Jasho lilikuwa limemtoka. "Nilidhani... Nilidhani nikiamka litakuwa limekwisha."

"Ni mimi niliwazuia."

Aliniangalia kama amekosea mtu. Nikamweleza. Sikuwa na maneno mazuri, nikampa vile viungo vinne kama nilivyopewa. Mishipa, mkono, kumbukumbu, kuyeyusha. Alisikiliza akiwa ameuma mdomo. Nilipofika kwenye kila ambacho mkono ulikijua, nikataja na kigutu kinavyopapasa, akageuzia uso ukutani.

"Umekuwa ukiniangalia," akasema.

"Samahani, Baba."

"Alfajiri."

"Ndiyo."

Alingoja wimbi moja la maumivu limpite. Nje, korido ilikuwa imetulia kwa namna ya ajabu. Nilisikia mtu akisema "sijui" kwa Kisikizi, sauti ya mwanamume, nadhani ile ya kofia ya sufi, halafu mwingine. Kisha sauti niliyoijua kuliko zote, lakini sasa ilikuwa nyembamba, haina kofi hata moja ndani yake. "Na lile la mume wangu, la zamani. Nilikupa mimi mwenyewe. Lilikuwa na maana gani?" Jibu sikulisikia. Nilisikia benchi likilia, mtu amekaa ghafla.

"Si kuungua tu," akasema Baba, bado anaangalia ukuta. Alikuwa anaongea kama mtu anayevua nguo mbele za watu. "Kuna wakati moto unaacha. Basi hapo nausikia mkono, mzima. Na umeshika wa mama yako."

Mama alikufa kwenye gari la wagonjwa, kabla hawajafika hapa kituoni. Mimi nilibaki nyumbani kuangalia mifugo. Baba ndiye aliyekuwa naye.

"Vidole vya mchuma chai, unavijua," akasema. "Vimekwaruzika kama gome. Na hiki cha shahada kina kovu, alijikata na mundu hatujaoana bado. Nalipata lile kovu. Nalipapasa." Akafunika macho kwa mkono wa kushoto. "Mzee mzima. Aibu tupu."

"Si aibu, Baba."

"Ni aibu. Wewe unalala hapo chini na baridi, mimi nashika mkono wa marehemu."

Wimbi jingine likaja, baya kuliko la kwanza, akalishika blanketi kwa meno na safari hii hakujaribu kunificha. Nesi Imelda alitazama dirishani, jua limeshavuka misonobari.

Lilipopita, Baba alikuwa anahema. "Siwezi, mwanangu. Nimejaribu. Mwezi mwingine siwezi."

"Sawa, Baba."

"Nishikie kwanza. Huu." Akakinyanyua kile kigutu, hakuna blanketi, hakuna kitu. "Mbele. Juu kidogo. Hapo."

Nilishika hewa. Nesi Imelda hakucheka. Baba akafumba macho, akaniambia kila kilichokuwemo mle mkononi, polepole, namna mama alivyokuwa akigeuza kiganja, kidole kipi kilikuwa baridi siku zote, kovu linaanzia wapi na kuishia wapi. Nilikuwa makini kuliko nilivyowahi kuwa darasani.

Kisha Nesi Imelda akawasha sikio dogo la kitandani, na Kisikizi kikamwomba Baba alipasue neno lake.

Hakuwa na mkono wa pili wa kupigia kofi. Nikampa kiganja changu, akakipiga kwa mkono wake wa kushoto, bila makofi mepesi, mazito manne tu, na kila moja akasema na maana yake. Alichelewa kwenye la tatu. Kisikizi kilisubiri, nasi tulisubiri. Kisha akalimaliza, na taa ikawa kijani.

Dawa ilipita taratibu. Niliona taya likilegea, na shingo, na kigutu kikashuka juu ya shuka kama kitu kilichowekwa chini baada ya safari. Akalala kidogo. Alipofumbua macho, alikuwa na uso ambao nilikuwa nimeusahau, uso wa kabla ya msumeno. Alitazama kigutu bila kukifunika, kama anavyotazama mtu goti lake.

"Kimya," akasema, akishangaa. "Kimya kabisa, Twilumba."

"Ndiyo, Baba."

Akakaa na ule ukimya wake. Halafu nikaona paji la uso likikunjamana, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Mama yako," akasema. "Sura naiona. Alikuwa na mikono ya namna gani?"

Nikachukua mkono wake wa kushoto, nikaufungua kiganja. Uso ulikuwa unaniwaka, kwa sababu saa chache tu kabla, kwa wimbo mmoja, ningeliacha swali hilo duniani bila mtu wa kulijibu.

"Migumu," nikasema. "Imekwaruzika kama gome. Na kidole hiki, Baba, kilikuwa na kovu. Linaanzia hapa."